Deni la Aliyetangulia

Uliza swali hili popote walipo wachezaji gemu watatu au wanne: je, ni makosa kumvamia mtu anayeanza? Kwanza watakucheka. Halafu wataanza kubishana, na utaondoka ukiwaacha bado wanabishana.

Siongelei kuiba akaunti ya mtu wala kutumia programu ya kudanganya. Hayo yana majibu yake. Naongelea uvamizi halali, ule ambao kanuni zinauruhusu. Wewe una mamia ya meli za kivita. Yeye ana migodi mitatu na hajui hata meli hufichwa vipi. Umempeleleza, unajua ana nini stoo, na kanuni zinakwambia endelea. Swali ni kama unafaa kuendelea.

Tuchukue gemu moja tuijue vizuri, kwa sababu maswali ya maadili yakielea hewani kila mtu anakuwa mtakatifu.

OGame ni gemu ya mkakati ya anga za juu iliyotoka Ujerumani mwaka 2002, na inaendeshwa na kampuni ya Gameforge. Usitarajie milipuko mikubwa kwa skrini. Inachezwa ndani ya brauza, na sehemu kubwa yake ni namba, orodha na saa zinazohesabu kurudi nyuma. Unapewa sayari moja na akiba kidogo ya chuma na kristali. Unajenga mgodi wa chuma, mgodi wa kristali, mtambo wa deuteri ambayo ndiyo mafuta ya meli, na kituo cha umeme wa jua cha kuviendesha vyote. Migodi inafanya kazi ukiwa umelala, ukiwa kwa matatu, ukiwa darasani. Unarudi baadaye, unachukua kilichotoka, unajenga ngazi inayofuata.

Anayeanza hukosea mahali palepale karibu kila mara. Anaongeza migodi bila kuongeza umeme, na umeme ukipungua migodi yote inazubaa. Anarundika kristali wakati chuma ndicho kinachohitajika zaidi mwanzoni. Kosa kubwa kuliko yote, anaenda kulala akiwa ameacha mali yote stoo na meli zote zimeegeshwa nyumbani. Saa tisa usiku mtu anakuja. Uvamizi ukifaulu, kwa kawaida mvamizi anaweza kubeba hadi nusu ya kilichopo. Meli zikiharibiwa, sehemu ya chuma na kristali yake, kwa kawaida asilimia 30, inabaki ikielea angani kama vifusi, na mvamizi anavikusanya pia. Unaamka, unafungua simu, unakuta ripoti ya vita ambayo hukuwepo.

Wazoefu wana dawa ya hilo. Kabla ya kulala unapakia kila kitu ndani ya meli na kuzituma safari ndefu, zirudi asubuhi ukiwa macho. Mvamizi akija anakuta sayari tupu na mafuta yake yameenda bure. Ni mbinu rahisi, haihitaji pesa wala akili ya ajabu. Inahitaji tu kuijua.

Shikilia hiyo sentensi. Hoja yangu yote inaning'inia hapo.

Sasa tuangalie tatizo halisi la mgeni. Wengi hudhani ni nafasi, kwamba waliokuja mapema wameshagawana sayari nzuri. Mwanafalsafa John Locke, huko Uingereza ya karne ya 17, alisema mtu anaweza kujichukulia sehemu ya ardhi kwa jasho lake, ilimradi awaachie wengine ya kutosha na iliyo nzuri kama yake. Ukipima OGame kwa kipimo cha Locke, inapita. Katika mpangilio wake wa kawaida, ulimwengu mmoja una galaksi 9, kila galaksi ina mifumo 499, na kila mfumo una nafasi 15 za sayari. Hizo ni zaidi ya nafasi 67,000. Hakuna aliyekunyima ploti.

Kinachokosekana ni muda. Pointi moja katika OGame hupatikana kwa kila rasilimali 1,000 ulizotumia kujenga. Kwa hiyo ile orodha ya wakubwa inayokutisha ukiifungua siku ya kwanza haikwambii sana nani ni mwerevu. Kwa sehemu kubwa inakwambia nani amekuwepo. Wahenga walisema kutangulia si kufika, lakini hapa kutangulia kumekaribia sana kufika. Mtu aliyeanza miaka miwili kabla yako hakukuibia chochote, hakuvunja kanuni yoyote, na bado anaweza kukufuta kabla chai yake haijapoa.

Waliotengeneza gemu walilijua hilo, wakaweka huruma mbili. Ya kwanza imejificha ndani ya hesabu. Kila ngazi ya mgodi wa chuma inagharimu mara moja na nusu ya ngazi iliyotangulia, huku uzalishaji ukiongezeka polepole zaidi kuliko gharama. Ngazi za kwanza ni za dakika. Za juu ni za siku nzima. Mkubwa anatembea kupanda mlima unaozidi kuwa mkali, na mdogo anakimbia pale chini palipo tambarare. Hamfikii leo, lakini pengo kati yao linapungua kwa uwiano.

Huruma ya pili iko wazi: kinga ya wageni. Kwa muda mrefu kipimo chake kimekuwa mara tano. Aliye na pointi zaidi ya mara tano ya zako hawezi kukushambulia, hadi uvuke kiwango fulani kinachotegemea ulimwengu uliomo. Ukivuka, kinga inakwisha. Hakuna sherehe wala barua. Siku uliyofurahia kukua ndiyo siku uliyoonekana.

Hapa Kiswahili kina methali mbili zinazovutana. Moja inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kinga ya wageni inazitumia zote mbili.

Methali ya kwanza inafichua kwa nini kinga ipo. Tusidanganyane kwamba ni mapenzi. Ulimwengu wa gemu usiopata wageni unakufa. Wakubwa wanabaki wakitazamana, kila mmoja anajua meli za mwenzake zinaenda wapi, na mmoja baada ya mwingine wanaacha kuingia. Kampuni inakosa wateja, mashujaa wanakosa watazamaji, wavamizi wanakosa wa kumvamia. Mgeni ndiye damu mpya. Mwenyeji anapona kweli, na anapona kwa sababu ya mgeni. Huyo mdogo unayemdharau anakupa kitu ambacho huwezi kujipa mwenyewe: sababu ya kesho kuwa na gemu.

Methali ya pili watu huitumia kama fimbo. Umekaa vya kutosha, sasa jitegemee. Lakini isikilize vizuri. Haijasema siku ya tatu mfukuze. Imesema mpe jembe. Kuna mtu anayetoa, kuna chombo kinachotolewa, na kuna shamba analoonyeshwa. Jembe ni heshima. Unamwambia mgeni: umeacha kuwa mzigo, sasa wewe ni mkulima kama sisi. Kinga ya OGame inahesabu siku mbili sawasawa, halafu siku ya tatu inamsukuma mgeni shambani mikono mitupu. Imemlinda, haijamfunza. Mtoto uliyemficha mvua miaka yote hajajua kushika mwavuli.

Kufikia hapo kuna watakaosema: buda, unalia sana, ni gemu tu. Nimeahidi hoja hii haki yake. Mwanahistoria wa Uholanzi, Johan Huizinga, katika kitabu chake Homo Ludens cha mwaka 1938, alieleza mchezo kuwa kitu kinachojitenga na maisha ya kawaida, chenye mahali pake, muda wake na sheria zake. Ndani ya duara hilo, kumpiga mtu ngumi ni ndondi. Nje yake ni kesi polisi. Kwa mantiki hiyo, kumvamia jirani yako katika OGame si wizi zaidi ya vile kula kete ya mwenzako kwenye drafti ni wizi. Nakubali kabisa. Anayetaka gemu ya uvamizi isiyo na uvamizi aende akacheze nyingine.

Lakini Huizinga aliongeza sharti ambalo watu husahau: mchezo ni wa hiari. Hiari nayo inahitaji ujuzi. Mabondia wawili wanaoingia ulingoni wanajua ngumi ni nini. Sasa mfikirie mtu aliyeingia akidhani ni darasa la densi. Amesaini fomu, ndiyo. Amebofya "nakubali" kama tunavyobofya sote bila kusoma. Ukimwangusha kwa ngumi ya kwanza, huwezi kusema mmepigana. Ndivyo ilivyo kwa asiyejua kuficha meli usiku. Kumvamia anayejua, hata akiwa mdogo kwako, ni mchezo: umebahatisha kwamba amesahau, naye anajua ulikuwa unabahatisha. Kumvamia asiyejua kwamba kuna kitu cha kusahau ni jambo jingine. Hapo hamchezi wawili. Unacheza peke yako, na yeye ni samani.

Kwa hiyo mstari wa maadili, kwa maoni yangu, haupiti kati ya mkubwa na mdogo. Unapita kati ya anayejua na asiyejua. Ndiyo maana kinga ya pointi, hata iwe nzuri vipi, inapima kitu kisicho chenyewe.

Kabla hatujamfanya mgeni kuwa malaika, tuone anavyokula. Katika OGame, mchezaji asiyeingia kwa siku 7 huwekewa alama ya herufi ndogo i mbele ya jina lake. Akifikisha siku 28 anawekewa I kubwa. Migodi yake inaendelea kuchimba. Na ushauri wa kwanza ambao kila anayeanza hupewa ni huu: jenga meli ndogo za mizigo, tafuta hao wenye alama, kawavamie. Hawana wa kujitetea. Ni chakula rahisi kuliko chote.

Ni akina nani hao? Wengine walichoka, wengine walipata kazi au mtoto. Lakini wapo pia wageni kama yeye, walioanza mwezi uliopita, wakavamiwa saa tisa usiku, wakafunga brauza wasirudi tena. Anayeanza anakua kwa kula walioshindwa kuanza. Hakuna ubaya wa kisheria hapo. Hata ile kanuni inayokataza kushambulia sayari moja zaidi ya mara sita ndani ya saa 24 haiwahusu walioacha. Ila ni vizuri ajue anachokula. Kila sayari tupu anayopakua ni ushahidi kwamba mtu fulani hakuambiwa kitu fulani mapema.

Ushahidi huo huo unajibu hoja ngumu kuliko zote, ile ya wazee wa gemu: sisi pia tulivamiwa, na ndivyo tulivyojifunza. Umewahi kusikia wimbo huo nyumbani, wa kilomita kumi kwenda shule bila viatu. Huenda ni kweli. Kipigo kinaweza kufunza. Lakini angalia nani anayetoa ushuhuda. Ni waliobaki. Waliopigwa wakaondoka hawapo kwenye mazungumzo. Wamebaki kuwa herufi i kwenye orodha. Ukitaka kujua kama mateso yanafunza, huwezi kuwauliza waliofuzu peke yao.

Mwanafalsafa wa Marekani, John Rawls, katika kitabu cha mwaka 1971, alitupa jaribio ambalo linafaa hapa kuliko anavyoweza kuwa alifikiria. Chagueni sheria za jamii, alisema kwa maana hiyo, kabla hamjajua mtazaliwa nani ndani yake. Tulete kwenye anga: chagua kanuni za ulimwengu kabla hujajua kama utajiunga siku ya kwanza au mwaka wa tatu. Ungechagua nini? Sidhani ungepiga marufuku uvamizi. Nani anataka kucheza kilimo cha chuma milele? Sidhani hata ungetaka kinga isiyoisha, kwa maana mtu aliye ndani ya kinga milele hajawahi kuwa mchezaji. Mimi ningeomba kitu kimoja: nikifika, aniambie mtu mambo yanavyokwenda. Baada ya hapo, twende kazi.

Hilo ndilo deni la aliyetangulia. Faida yake kubwa aliipata kwa kuwahi, na kuwahi si sifa. Hawezi kurudisha muda, na hatakiwi kugawa meli zake. Lakini sehemu ya faida ile inaweza kupita kutoka kwake hadi kwa mwingine bila yeye kupungukiwa: ujuzi. Ndani ya OGame unaweza kumtumia ujumbe mtu yeyote. Vamia ukitaka. Kisha andika mistari miwili: ukilala usiache meli nyumbani, zitume mbali na mali zako zote, zirudi ukiamka. Wiki ijayo mpeleleze tena. Ukimkuta mtupu, umepoteza mafuta na umepata mpinzani. Ukimkuta amejaa tena, mchukulie bila wasiwasi, maana sasa mnacheza wawili. Kuvamia si dhambi. Kunyamaza baada ya kuvamia ndiko kunakokaribia.

Utasema ni ujinga kumfunza windo lako kukimbia. Kuna gharama, sikatai. Wema usiogharimu chochote ni adabu tu.

Na si ndoto. EVE Online, gemu ya anga kutoka kampuni ya CCP ya Iceland, ipo tangu 2003 na inajulikana kwa ukatili. Utapeli mwingi kati ya wachezaji unaruhusiwa. Hata kwenye maeneo yanayoitwa salama, polisi wa gemu hawazuii shambulio. Wanakuja kuliadhibu likishatokea. Lakini hata huko kampuni imekataza kuwasumbua wageni kwenye mifumo wanakoanzia. Na mwaka 2004, wachezaji wenyewe walianzisha EVE University, chama cha kufundisha wageni bila malipo. Hakuna kanuni iliyowalazimisha. Mahali pakali kuliko pote, watu waliona kwamba ukali bila ufundishaji ni uharibifu tu.

Tahadhari moja, kwa sababu wema nao una matapeli wake. OGame ina kanuni dhidi ya mdogo kumlisha mkubwa: akaunti kubwa haipaswi kufaidika na rasilimali za akaunti ndogo bila kutoa malipo ya haki. Kanuni hiyo ipo kwa sababu kuna mwaliko unaosema: njoo kwa muungano wetu, tutakulinda, wewe tutumie tu kristali kila siku. Kijana yeyote aliyefanya kazi miezi sita bila mshahara akiambiwa anapata uzoefu anaujua mwaliko huo kwa harufu. Anayekufunza kwa kweli anakuacha ukiweza kumwacha. Anayekulinda ili uendelee kumhitaji amekufuga.

Nairobi, watu huiita shamba la mawe, na wengi tulifika ikiwa imeshagawanywa. Msaada wa kwanza ambao jiji hili humpa mgeni mara nyingi hauwi pesa. Ni abiria wa kiti cha jirani anayekwambia, bila kukuangalia, funga dirisha kabla ya kutoa simu hapa. Hakujui. Hakupati chochote. Amekupa maarifa aliyoyapata kwa kuwa hapa kabla yako, na labda kwa kupoteza simu yake mwenyewe. Ni deni linalolipwa kwa sentensi moja.

Mgeni naye ana wajibu wake. Kinga si nyumba ya kukaa. Siku zako mbili ni za kuuliza: umeme kiasi gani kabla ya mgodi unaofuata, meli zitumwe wapi usiku, nani jirani na anaingia saa ngapi. Anayejificha ndani ya kinga akihesabu pointi tu anajinenepesha kwa ajili ya mtu mwingine.

Tena usijione mdogo kwa muda mrefu, kwa sababu hutabaki mdogo. Wiki mbili baada ya kujiunga, fungua ramani ya mfumo wako na uangalie nafasi iliyokuwa tupu Jumatatu. Kuna jina jipya. Pointi zake hazifiki kumi. Amejenga migodi miwili na umeme wake hautoshi, na usiku huu ataenda kulala akiwa ameacha kila kitu stoo. Kwake yeye, wewe ndiye uliyetangulia.